Shikamoo Kapteni, lakini shusha pua!

Najua mnachowaza mkisikia mtu anarusha ndege za kukodi za matajiri. Mnawaza viti vya ngozi, shampeni, kigogo na kimwana wake wanakwenda kumaliza wikiendi Cape Town, na rubani mwenye miwani myeusi anajidai huko mbele. Basi bwana, miwani ninayo kweli. Mengine nitawapeni leo, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka 2018 na nimechoka kulimeza.

Mimi ni rubani msaidizi. Kwa majirani zangu Sinza ni "yule dada wa ndege", na wengi wanaamini nagawa soda. Hawajakosea sana! Kwenye ndege ya viti 8 hakuna mhudumu. Msaidizi ndiye anayewahi uwanjani saa mbili kabla, anaagiza barafu, ananunua magazeti, anakagua choo (naam, choo), anapakia mabegi, anawapokea wateja kwa tabasamu, anawafunga mikanda, ndipo anakwenda kukaa kiti cha kulia na kuwa rubani. Kapteni hufika mambo yakiwa tayari, kama mume wa zamani.

Kapteni wangu wa siku ile alikuwa mzee wa miaka 58. Jina lake nalihifadhi, na la kampuni pia. Nusu ya marubani wa mjini wamepita mikononi mwake. Kila asubuhi ni hivi:

"Shikamoo Kapteni."

"Marahaba binti yangu. Umekunywa chai?"

Asingekubali turuke kabla sijanywa chai. Nawaambia haya msije mkadhani nataka kumchafua mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa rahisi mno.

Sasa, ndani ya chumba cha marubani kuna mdomo mmoja ambao hauna adabu hata chembe. Unaitwa TCAS, sisi tunatamka tikasi. Ni kompyuta yenye sauti. Kila sekunde hivi inaita hewani kuuliza nani yuko jirani, na ndege zilizo karibu zinajibu zenyewe kwa kifaa kinachoitwa transponda, zikitaja na kimo zilipo. Kutokana na majibu hayo tikasi inapiga hesabu moja tu: tukiendelea hivi hivi, tutakutana baada ya sekunde ngapi? Haina habari na kilomita, yenyewe inahesabu muda. Na ina sababu. Ndege mbili zinazokuja uso kwa uso, kila moja ikienda kilomita 800 kwa saa, zinakula kilomita nzima kila sekunde mbili na ushee. Ukiiona ndege kama nukta kwenye kioo, ukamgusa mwenzio bega umwoneshe, imeshakuwa nyumba.

Kwenye skrini, ndege ya jirani ambayo haina neno inaonekana kama almasi ndogo. Ikianza kunuka hatari inageuka duara la rangi ya machungwa, na sauti inasema "Traffic, traffic." Hapo kunakuwa kumebaki kati ya sekunde 20 na 48, kutegemea kimo. Hutakiwi kufanya kitu, unatazama na kujiandaa. Mambo yasipopoa, duara linageuka mraba mwekundu na sasa inakuja amri, sekunde kati ya 15 na 35 kabla. "Climb, climb", panda. "Descend, descend", shuka. Au "Level off, level off", yaani acha hiyo safari yako ya juu au chini, nyoosha ndege hapo hapo. Haikuambii kulia wala kushoto, ni juu na chini tu. Na kama ndege zote mbili zina tikasi, zinapatana zenyewe kwa zenyewe nani aende juu na nani chini, kabla binadamu hajafumbua mdomo.

Rubani anapewa sekunde 5 kuanza kutii. Tena kwa upole, hakuna haja ya sarakasi. Amri ikifuatwa vizuri, abiria aliyeshika chai hamwagi hata tone.

Kumbukeni hilo la chai.

Kanuni za ICAO, lile shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, zinataka kila ndege ya injini za tabini yenye uzito unaozidi kilo 5,700 au inayobeba abiria zaidi ya 19 iwe na kifaa hiki, tangu mwaka 2005. Yetu ilikuwa nacho, kizima, kinafanya kazi kama saa ya ukutani.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nane. Anga la buluu, wingu huoni hata la dawa. Tunatoka Dar kwenda Johannesburg, tutatua Lanseria, ule uwanja ambao wenye ndege binafsi wanaupenda. Abiria wawili tu: mfanyabiashara mmoja na mkewe. Bosi kavaa shati jeupe la kitani, keshafungua mkanda kabla hatujapita hata Mkuranga. Mama kachagua dirisha la kulia, kwa sababu, aliniambia, yeye halipi pesa yote hiyo ili atazame kiti cha mbele.

Ndege hizi ndogo zina ugonjwa wao. Ukiwa na abiria wawili ni nyepesi mno, na injini zina nguvu za kuwabeba wanane. Inapanda kama fataki. Na marubani tunapenda! Siku ile tulikuwa tunapanda futi 3,500 kila dakika. Mwongoza ndege akatupa futi 28,000, akatuarifu kuwa kuna ndege kubwa ya abiria inashuka kuja Dar, nayo itasimama 29,000. Tofauti ya futi 1,000, halali kabisa, ndivyo inavyofanyika duniani kote kila siku. Yule mwongozaji hakukosea neno hata moja. Kosa lilikuwa letu, na lilianza kabla ya kelele yoyote.

Tatizo ni kwamba tikasi haijui makubaliano yenu na mwongozaji. Haijui kuwa umepanga kusimama 28,000. Yenyewe inaona tu huyu anakuja juu kama kombora, yule anakuja chini, hesabu inasema kimbembe. Ndiyo maana marubani tunafundishwa kwamba ukikaribia kimo chako, zile futi 1,000 za mwisho, punguza mwendo wa kupanda uwe chini ya futi 1,500 kwa dakika. Ni kitu kidogo, sawa na dereva anayeanza kukanyaga breki mapema kabla ya tuta.

Nilikuwa najua. Nilitazama ile sindano ya mwendo wa kupanda, nikatazama mikono ya Kapteni, nikanyamaza. Alikuwa ananisimulia kisa cha zamani cha Mafia, kachangamka kweli kweli, kafika pale mbuzi anapoingia kwenye ndege. Nani atamkatiza mzee hadithi?

"Traffic, traffic."

"Ninaye, ninaye," Kapteni akasema, kainua shingo anatafuta nje. Mimi natazama skrini. Duara la machungwa, juu yetu, mbele kidogo kulia. Hata hapo nilikuwa bado na nafasi ya kusema: Kapteni, tupunguze. Maneno mawili. Sikuyasema.

Mraba mwekundu. "Level off, level off."

Kapteni akakata otopailoti, sawasawa kama tulivyofundishwa. Kisha akavuta usukani.

Akavuta, jamani! Juu!

Nilikuja kuhesabu baadaye kwamba zilikuwa kama sekunde tatu. Sekunde tatu nilizokaa namtazama mtu niliyempa shikamoo asubuhi akipeleka pua ya ndege kwa wenzetu, na mdomo wangu haufunguki. Akili inajua vizuri sana, mitihani nimefaulu, simyuleta nimeingia. Lakini malezi nayo ni kitu kingine. Nimekuzwa na bibi, Ilala, nikafundishwa kuwa mkubwa akikosea hubishani naye, unatafuta namna. Unakohoa. Unauliza kiswali cha pembeni: "Kapteni, hivi unaonaje..." Sasa hapo ukohoe nini?

Sindano ikapita 28,000. Ikapita 28,200. Na ule mdomo usio na adabu, ambao haujawahi kumpa mtu shikamoo tangu uzaliwe, ukabadilisha kauli: "Descend, descend."

Ndipo sauti ikanitoka. "Kapteni, chini! Chini! Shusha pua!"

Na mikono yangu ilikuwa tayari kwenye usukani wa upande wangu, nasukuma. Usukani wa kushoto na wa kulia umeunganishwa, ukisogea mmoja na mwingine unasogea. Kwa hiyo nilimhisi. Nilihisi mikono yake ikivuta dhidi ya yangu, kisha ikalegea, kisha ikaanza kusukuma pamoja nami. Mpaka leo nikishika usukani wowote mgumu kidogo, hata wa gari, nakumbuka kile kipindi cha katikati alipolegea.

Tulifika futi 28,350 kabla hatujaanza kurudi. Wenzetu walikuwa wameshanyoosha juu kidogo ya 28,950, maana na wao tikasi yao iliwaambia. Kwenye redio ikasikika sauti ya rubani wao, imetulia kama anaagiza kahawa: "TCAS RA." Ndivyo inavyotakiwa, unamwambia mwongozaji maneno hayo ili ajue kuwa kwa sasa unatii kifaa, si yeye. Kazi hiyo kwetu ilikuwa yangu. Sikuifanya, mikono ilikuwa na shughuli.

Wakapita juu yetu, kulia. Tumbo jeupe. Futi 600, yaani mita 180 na kitu, viwanja viwili vya mpira kasoro.

"Clear of conflict." Hatari imepita.

Kapteni akasema, "Shika," akaniachia ndege. Akaweka mikono yake chini ya mapaja, kama mtu anayesikia baridi.

Sasa rudini kwenye ile chai. Ule mvuto na ule msukumo havikuwa vya upole hata kidogo. Bosi, aliyekuwa hana mkanda, alinyanyuka kitini akagonga paji la uso kwenye dari. Chai yote ikahamia kwenye shati la kitani. Kapteni akachukua kipaza sauti: "Samahani sana bosi, hewa ilichafuka kidogo."

Anga la buluu! Hakuna wingu!

Alipopata nguvu akaishika ndege tena, mimi nikaenda nyuma na taulo na barafu. Bosi alikuwa analalamika kiume, anacheka huku anajishika kichwa. Mama alikuwa hacheki. Kaligeukia dirisha, mkono kifuani.

"Mimi nimeona ndege," akasema. "Kubwa. Nimeona mpaka tumbo lake." Akanigeukia. "Eti dada, ile si ndege?"

Na mimi, na mabega yangu yenye mistari mitatu ya dhahabu, nikamjibu: "Mama, angani macho yanadanganya. Ilikuwa mbali sana."

Bosi akapasuka kicheko. "Huyu na sinema zake!"

Mama hakuongeza neno. Aliniangalia tu, kisha akafunga mkanda wake, akaukaza.

Tulipotua, wateja wakaondoka na gari lao, Kapteni akanivuta pembeni. "Binti yangu, wenzetu wameshasema redioni, yatosha. Sisi tusiandike kitu. Ndege haijavunjika, mtu hajafa. Bosi akisikia, mkataba unaondoka, na kitumbua chetu sote kitaingia mchanga." Nikasema, "Sawa Kapteni." Nilisema sawa, nisiwafiche.

Usiku hotelini usingizi ukagoma. Kuna ajali moja ambayo kila anayerusha ndege hizi ndogo za kifahari anaifahamu. Septemba 29, 2006, Brazil. Ndege mpya kabisa aina ya Embraer Legacy 600, watu 7 ndani, imetoka kiwandani São José dos Campos, inapelekwa kwa mnunuzi wake Marekani kupitia Manaus. Kwa upande wa pili inakuja Boeing 737 ya shirika la Gol, kutoka Manaus, watu 154. Zote mbili kwenye futi 37,000, njia moja, zinakuja uso kwa uso juu ya msitu wa Mato Grosso. Zote mbili zina tikasi, na hakuna iliyosema kitu. Transponda ya ile Legacy ilikuwa imeacha kujibu muda mrefu kabla, karibu saa nzima, na marubani wake hawakujua. Transponda isipojibu, tikasi ya mwenzio haikuoni, na yako nayo haifanyi kazi. Kilichokuwepo ni maandishi madogo tu kwenye skrini, bila kengele, bila mlio. Ncha ya bawa la ile ndege ndogo ikalikata bawa la ile kubwa. Watu wote 154 wa Boeing walikufa. Ile ndogo, na bawa lake limenyofoka ncha, ikatua kwenye kambi ya jeshi la anga ya Cachimbo, na wote 7 wakashuka kwa miguu yao. Mmoja wao alikuwa mwandishi wa habari, Joe Sharkey. Mwanzoni hawakujua hata wamegongana na nini.

Nilipokuwa chuoni nilikuwa nawahurumia wale 154. Usiku ule, sijui kwa nini, niliwawaza wale 7. Kushuka kwenye ngazi, kukanyaga lami, mzima, halafu mtu anakuja kukuambia.

Nikawaza na Überlingen, Ujerumani, Julai 1, 2002, usiku. Hii kila rubani anafundishwa. Tupolev ya Urusi imebeba watoto wa shule wanakwenda likizo Hispania, na Boeing 757 ya mizigo ya DHL yenye marubani wawili. Mwongozaji aliyekuwa peke yake kazini, anahudumia skrini mbili, akaiambia Tupolev ishuke. Tikasi ya Tupolev ikasema panda. Wakamtii binadamu, wakashuka. Tikasi ya Boeing ilishawaambia wao washuke, wakashuka. Watu 71. Tangu hapo kanuni ikawekwa wazi isiyo na "lakini": tikasi ikiamuru, unaifuata, hata mwongozaji akisema kinyume. Na usiende kamwe upande uliokatazwa. Bora hata usifanye kitu kuliko kwenda kinyume, maana mwenzio keshatumwa huko unakokwenda.

Sisi mwongozaji hakusema kinyume. Sisi tulikwenda kinyume wenyewe.

Na msidhani ni mambo ya Wazungu na Brazil. Septemba 5, 2015, juu ya Senegal, ndege ndogo ya aina hii hii ninayorusha mimi, HS-125, ikiwa kazi ya kubeba wagonjwa, ilitoka Ouagadougou kurudi Dakar na watu 7. Ikagongana na Boeing 737 iliyotoka Dakar. Ile kubwa ikapoteza kipande cha ncha ya bawa, ikaendelea mpaka Malabo ikatua salama. Ile ndogo iliendelea kuruka bila kumjibu mtu yeyote, ikapita Dakar, ikapotelea baharini Atlantiki. Ilitakiwa iwe futi 1,000 chini ya mwenzake.

Anga letu hili la Afrika ni pana na katika sehemu zake kadhaa rada haifiki. Ndiyo maana marubani tuna masafa yetu, 126.9, ambayo kila mmoja anajitangaza mwenyewe kule asikoonekana: mimi fulani, niko kimo hiki, natoka huku naelekea kule, nitafika sehemu fulani saa ngapi. Unaongea na giza. Mara nyingine giza linajibu: tumekusikia, sisi tuko 2,000 juu yako, safari njema. Nilikuwa naipenda sana hiyo desturi kabla ya siku ile. Watu wasiojuana wanaambiana ukweli kwa sababu hakuna mwingine wa kuwaambia. Na mimi nimemwambia yule mama macho yake yanadanganya.

Saa tano usiku nikapiga simu chumba cha Kapteni. Alipokea mlio wa kwanza.

"Shikamoo Kapteni. Naandika ripoti."

Kimya. Nikasikia televisheni kwake ikizimwa.

"Andika," akasema. "Ila usiandike kwamba niliogopa."

Nusu saa baadaye tulikuwa tumekaa chini mapokezi, mimi na kompyuta yangu ya mkononi, yeye na glasi ya maji. Hakunikaripia. Alitaka kuelewa mikono yake, ndivyo alivyosema. Alianza kurusha ndege miaka ya themanini, Cessna ya injini moja, kwenye viwanja vya majani huko Selous na visiwani. Kwenye kazi ile hatari yote iko chini. Mnazi uko chini, mlima uko chini, nyumbu amesimama katikati ya uwanja uko unakwenda kutua. Ukishtuka, unavuta. Kila mara alipovuta katika maisha yake, aliokoka. "Nilisikia ile sauti," akaniambia, "lakini mikono ilisikia kengele tu. Ikafanya inachokijua."

Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: "Na wewe ulikuwa wapi zile sekunde za mwanzo?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba niliona tunapanda kwa kasi mno nikamwachia amalizie kisa cha mbuzi. Kwamba alipovuta, niliona aibu kumkatalia mkubwa. Alinitazama muda mrefu.

"Hilo nalo liandike," akasema.

Tuliandika yote. Mwendo wa kupanda, amri ya kwanza, kuvuta, amri ya pili, futi 28,350, abiria asiye na mkanda, na kile tulichomwambia. Neno "kuogopa" sikuliweka. Akasaini, nikasaini.

Haikuchukua siku mbili kizaazaa kikaanza. Kumbe wenzetu wa ile ndege kubwa walikuwa wameshaandika ya kwao siku ile ile, na barua zikaanza kutembea kati ya ofisi na ofisi. Yaani hata tungenyamaza, tusingenyamazika! Bosi wa kampuni akaniita, akaniambia kwa sauti tamu kabisa kwamba mambo mengine ni ya kifamilia, mtu anaanzia nyumbani kabla hajaenda nje. Nikamwambia nimeanzia nyumbani, ripoti ni ya kampuni. Akasema hakuwa na maana hiyo. Najua hakuwa na maana hiyo.

Kapteni alipelekwa simyuleta siku mbili, akafanyishwa "Level off" mpaka mikono ikaelewa, akarudi kazini. Haki yake, na ningepanda ndege yake kesho. Kampuni ikatoa waraka: futi 1,000 za mwisho, mwendo wa kupanda chini ya 1,500, na msaidizi aseme kwa sauti asipoona sindano inapungua. Huo waraka nina nakala yake, nimeutunza pamoja na vyeti. Mkataba wangu ulipokwisha Desemba haukuhuishwa. Sababu niliyopewa ni kubana matumizi. Miezi minne nilikaa Sinza unga umemwagika, nauza vitenge kwa simu, majirani wananiuliza mbona siku hizi huvai sare.

Sasa hivi niko kwingine, nabeba mizigo usiku. Mizigo haina chai wala shati la kitani. Kapteni wa sasa ni kijana mwenzangu, hatupeani shikamoo, na nimegundua kumwambia "punguza" ni rahisi kama kumwomba chumvi. Ila nikipangiwa mzee, bado kuna kitu kinanikaba kidogo, nalazimika kukisukuma.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, niko kwenye duka moja kubwa Mikocheni, foleni ya kulipa. Mbele yangu mama mmoja na kapu la matunda. Nikamtambua kwa ule mkono, alikuwa ameuweka kifuani vile vile. Moyo ukaruka. Ningeweza kuhama foleni.

"Shikamoo mama. Sijui kama unanikumbuka."

"Marahaba." Akanitazama, akanitazama tena. "Dada wa ndege."

"Ndiyo mama. Ile siku uliniuliza, nikakujibu uongo. Uliona sawa. Ilikuwa ndege."

Mtu wa kaunta anapitisha maembe, anatusikiliza. Mama hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua," akasema. "Mume wangu mpaka leo ananitania nilikuwa naota." Akatoa pesa, akahesabu, akampa yule kijana. Ndipo akanigeukia vizuri.

"Ilikuwa karibu kiasi gani?"

"Futi mia sita. Kama mita mia na themanini."

Akageuka, akatazama nje kupitia kioo cha mlango, kwenye maegesho, akipima kwa macho kutoka pale aliposimama mpaka barabarani kwenye daladala. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Mpaka pale kwenye mwembe?" akauliza.

"Zaidi kidogo ya hapo mama."

Akashika kapu lake, akaniambia nimsaidie mfuko wa pili, tukatoka.